Tai za Mpiga Picha

Fundi alikuwa na sharti moja ambalo hakuwahi kulivunja tangu afungue chumba chake cha kushonea: nguo ya marehemu haikatwi mpaka mfiwa mwenyewe aseme ikatwe. Mfiwa mwenyewe, wala si mtoto wake, si shemeji yake, si jirani mwenye huruma. Watu walimpandishia ngazi mashati ya baba zao, magauni ya mama zao, sare za watoto waliokua wakahama, naye akazigeuza mifarishi ya kujifunikia, kiraka kwa kiraka, mpaka mtaa mzima ukamwita Bi Viraka. Jina hilo halikumkera. Alikuwa na miaka thelathini na sita, alishaolewa, alishaachika, na majina mabaya kuliko hilo yalishamkuta yakamwacha amesimama.

Kwa hiyo kijana mmoja, mpima ardhi, alipoingia na sanduku la marehemu baba yake, swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa hilohilo. Sandukuni mlikuwa na tai arobaini na tatu. Baba yake alikuwa mpiga picha mwenye studio, na tai hizo alizivaa mwenyewe na kuwaazima wateja waliokuja kupiga picha za vitambulisho na shingo tupu. Nusu ya wakubwa wa mji ule, alisema kijana, wamewahi kuvaa tai ya baba yake. Alitaka zishonwe mfarishi wa kumpa mama yake.

"Mama ameridhia?" fundi aliuliza.

"Ameridhia," alijibu, bila kupepesa.

Fundi akamwamini. Ukimwuliza leo atakuambia alidanganywa na yale macho, maana yalikuwa macho ya mtu aliyezoea kutazama mbali na kusoma alama ndogo, na yalipomwangukia yeye hayakuwa na haraka ya kuondoka.

Kazi ya tai inataka subira. Tai moja hushikwa na uzi mrefu mmoja mgongoni. Ukiujua mwanzo wake na kuuvuta taratibu, tai yote hufunguka mkononi, hariri huku, bitana kule. Ukiuvuta kwa pupa, hariri huchanika na hapana fundi wa kuirudisha. Kisha hariri hufuliwa kwa maji ya uvuguvugu, huanikwa kivulini, hupigwa pasi na kubandikwa kitambaa chembamba nyuma ili isiteleze chini ya sindano. Mpima ardhi aliomba afundishwe kufumua. Akawa anakuja kila Jumatatu na Alhamisi akitoka kazini, buti zimejaa vumbi, anazivua mlangoni bila kuambiwa, anakaa kwenye kigoda na kuvuta nyuzi.

Hakuwa mwingi wa maneno matamu. Alimsimulia habari za mipaka: majirani waliogombania hatua mbili za ardhi mpaka wakasahau kulima, mzee aliyehamisha jiwe la mpaka kila msimu kidogo kidogo mpaka akajikuta amehamia kwa mwenzake. Fundi alicheka mpaka akajichoma sindano. Wiki ya tatu akajikuta anachemsha chai ya watu wawili kabla hajasikia hatua kwenye ngazi. Wiki ya tano mikono yao ilikutana juu ya kipande cha hariri ya bluu, na hakuna aliyeutoa wake. Kijana alimwambia anataka kumpeleka nyumbani kwa mama yake. Fundi akamkumbusha kwamba amemzidi miaka mitano, na kwamba ni mwanamke aliyeachika, na ndugu hawakosi la kusema.

"Hayo yote nimeshayapima," kijana alisema. "Nimeona yanatosha kujenga."

Lakini njia ya mwongo ni fupi, hata akiwa mwongo mwenye nia njema.

Alhamisi ya wiki ya sita, saa kumi jioni, mlango ulifunguka bila kubishwa. Aliyesimama pale alikuwa mama mwenye umri wa miaka sitini na kitu, amevaa nguo ya kutokea iliyokunjwa kabatini muda mrefu, mistari ya mikunjo ingali juu yake. Mkononi alishika kipande cha hariri ya kahawia chenye vitone vyeupe, kidogo kama ukucha. Alikuwa amekikuta kwenye mfuko wa shati la mwanawe alipokuwa akifua, pamoja na karatasi ya kuelekeza chumba cha fundi. Akaenda kwenye kabati, akakuta sanduku halipo.

Alitazama meza ndefu. Hariri za mumewe zilitandazwa juu yake, zimekatwa, zimepangwa kwa rangi, na vikombe viwili vya chai vikifuka mvuke pembeni.

"Nani aliyekata?" aliuliza.

Mpima ardhi aliinuka. "Mama..."

"Sikukuuliza wewe."

"Ni mimi, Mama," fundi alisema. Aliweka mkasi chini ili asiwe ameushika wakati wa kujibu. "Ishirini na tisa nimezifumua na kuzikata kwa mkono wangu. Kumi na nne ziko sandukuni, hazijaguswa."

"Na ulimwuliza nani?"

Fundi akamgeukia kijana. Hakumsaidia kwa neno. Alimwachia nafasi aiingie mwenyewe. Kijana alifungua mdomo, akamtazama mama yake, akautazama ule mkunjo kwenye bega la nguo yake, na mdomo ukabaki wazi bila kitu. Kilikuwa kimya kifupi, lakini fundi alikisikia chote. Kilimwuma kuliko uwongo wenyewe.

"Kosa ni langu," akasema fundi. "Nilipaswa kukuuliza wewe, nikauliza pembeni."

Mama alikwenda kwenye sanduku, akalifunga, akalibeba na tai zake kumi na nne. Mwanawe aliponyoosha mkono kumpokea, alimpita kama anavyopitwa mtu kwenye foleni. Mlangoni aligeuka.

"Mwanangu aliniambia kuna mwanamke anataka kumleta nyumbani. Kama ni wewe, msijichoshe. Aliyemkata mume wangu vipande hatakaa kwenye meza yangu."

Hatua zake ziliteremka ngazi moja moja, na sanduku likigonga ukuta.

Kijana ndipo aliposema, tena yakamtoka yote kwa pamoja. Alisema tangu msiba, miezi tisa, mama yake alikuwa hajavuka geti mpaka leo. Kila asubuhi anakaa mbele ya kabati la zile tai, mkono juu ya mlango, hathubutu kulifungua wala hamruhusu mtu kulisogelea. Alidhani akiziona zimekuwa kitu cha kujifunikia, ataacha kuzilinda. Alikuwa amepanga kumwambia, kila wiki alipanga.

"Ningemwuliza angekataa," alisema.

"Basi hilo ndilo lilikuwa jibu lake, na ulikuwa nalo tangu siku ya kwanza," fundi alisema. Sauti yake haikupanda. "Ulinidanganya mimi, ukamwibia yeye. Na alipouliza, ukanyamaza."

"Nisamehe."

"Usianzie kwangu. Nenda kamwambie mama yako ukweli, usiutie sukari. Usinisifu wala usinitetee. Nitakwenda kujisemea mwenyewe Jumamosi, saa nne asubuhi, na nikifika nisikukute."

"Na sisi?"

Fundi alimtazama kwa muda. Alitamani kumsafisha vumbi lililokuwa kwenye nyusi zake, na alijua akifanya hivyo hataweza tena kumfukuza.

"Tumalize kwanza la marehemu," alisema. "La sisi tulio hai litangoja. Vaa buti zako."

Ijumaa hakushona. Alifunga mlango, akakusanya kila kilichotoka kwenye zile tai ishirini na tisa: hariri, bitana, vitambaa vigumu vya ndani, vibandiko vya maduka, hata vikato vyembamba ambavyo fundi mwingine angevifagia. Akavipanga, vya tai moja pamoja, akavibana kwa pini na kuvilaza ndani ya kapu pana lililotandikwa karatasi laini. Mara kadhaa alisikia hatua kwenye ngazi, na mara zote moyo ulimtangulia mlangoni, na mara zote walikuwa wateja wa duka la chini waliopotea. Alijicheka. Alishawahi kumlilia mwanamume kwa miaka miwili, na alijua jinsi inavyoanza. Safari hii, alijiambia, kama ni kulia, atalia akiwa amekwisha timiza wajibu wake.

Jumamosi alivaa gauni lake la kijani, lile lililomkaa, kwa kuwa hakuona sababu ya kwenda kuomba radhi akiwa amevaa kama mtu mwenye hatia ya kuzaliwa.

Aliyemfungulia mlango alikuwa dada wa marehemu, shangazi wa kijana, mwanamke mrefu mwenye tabia ya kufungua mlango nusu na kuijaza nusu hiyo mwenyewe. Fundi alimwamkia. Shangazi aliitikia, akalitazama kapu, akalitazama gauni, akamruhusu kupita kwa kusogea kidogo sana.

Sebule ilikuwa na picha ukutani kuanzia dari mpaka kwenye migongo ya viti. Wanaume kwa wanaume, vijana kwa wazee, kila mmoja na tai shingoni, na wengi wao ilionekana wazi kwamba si zao, zimekaa upande upande. Fundi alizitambua. Ile ya mistari alikuwa nayo kapuni, na ile ya majani, na ile ya bluu.

Shangazi hakungoja chai. Alisema amesikia kwamba fundi amemzidi kijana miaka mitano. Alisema amesikia aliolewa akaachika. Alisema ukoo wao haujawahi kuoa kiraka kilichotoka kwenye nguo ya mtu mwingine, na alipolisema hilo alilitamka vizuri, kama aliyelifanyia mazoezi njiani.

Fundi alimwacha amalize.

"Yote uliyosikia ni kweli, Shangazi," alisema. "Nimemzidi miaka mitano. Niliolewa miaka minne, tukaachana, na yeye na mimi tukikutana njiani tunasalimiana. Sijamficha mtu. Lakini leo sikuja kuolewa. Nimekuja kurudisha mali ya Mama."

Nyuma ya shangazi, pazia la chumbani lilisogea, na mama akatoka.

Fundi aliweka kapu juu ya meza ndogo, akaondoa karatasi. Alieleza kwa kifupi. Ukiacha kile kipande alichokishika Mama Alhamisi, hakuna uzi uliopotea. Kila rundo ni tai moja, na kila tai ina vipande vyake vyote. Mama akitaka, atazishona zirudi zilivyokuwa.

"Mshono utaonekana," alisema. "Siwezi kukudanganya, hariri haisahau mkasi. Lakini zitakuwa tai. Na nimekuja kukuomba radhi mwenyewe, kwa sababu nilichukua ruhusa yako kwenye mdomo wa mtu mwingine."

Mama aliyapitia marundo kwa vidole, bila haraka, kama anayehesabu watoto usingizini. Kisha akatoa lile la kahawia lenye vitone vyeupe, akakaa nalo kitini.

"Alhamisi hiyo hiyo mwanangu alikuja akakiri kwangu," alisema. "Alisema uwongo wote ni wake. Alisema alinyamaza pale kwako kwa woga, na kwamba wewe ulibeba lawama yake. Sijamjibu mpaka leo."

Fundi aliinamisha kichwa ili uso wake usisomeke. Kwa hiyo kijana alisema, na aliyasema yote.

Mama alinyoosha kidole kwenye picha moja ukutani, ya kijana mwenye masikio makubwa. "Yule ni kaka yangu. Nilimsindikiza studio. Mpiga picha akamfunga hii tai, akaitazama, akasema imekaa vibaya, akaifungua. Akafunga tena, akafungua. Mara ya tatu nikagundua hatazami tai, ananitazama mimi. Mara ya nne kaka yangu akamwambia, bwana, shingo yangu si kamba ya kuanikia."

Fundi akacheka, ikamtoka kabla hajaizuia. Mama alimtazama, na uso wake ukalegea kidogo upande mmoja.

"Hii ulikusudia kuiweka wapi?"

Fundi angeweza kusema uwongo mdogo. "Pembeni, Mama. Niliona rangi yake imefifia."

"Pembeni?" Mama alilirudia neno hilo kama aliyetukanwa. Alitazama kitambaa, akamtazama fundi, akavuta pumzi. "Iweke katikati."

Walitandika shuka jeupe sakafuni, wakapiga magoti. Fundi alipanga, mama akapangua. Hii ilivaliwa na hakimu kabla hajawa hakimu. Hii ilivaliwa na pacha wawili kwa zamu, picha mbili, tai moja. Hii marehemu alikuwa ameivaa siku mtoto alipozaliwa, na akaisahau shingoni siku mbili. Nyingine mama alizishika tu, akaonyesha zikae wapi bila kueleza, na fundi hakuuliza. Mara mbili machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja na kuendelea, na kila baada ya machozi sauti yake ilizidi kuwa ya mwenye nyumba.

Shangazi alivumilia akiwa kitini mpaka ilipofika ile nyekundu. Ndipo magoti yake yalipolia akishuka sakafuni. Alisema hiyo ni yake, aliinunua yeye kumpa kaka yake, na haiwezi kukaa chini karibu na miguu ya watu.

"Naikumbuka, wifi," mama alisema. "Ulimnunulia wiki ile uliyomwambia asinioe."

"Nilisema tu utamchosha."

"Nimemchosha miaka thelathini na minane."

Shangazi akaichukua ile nyekundu na kuiweka mwenyewe juu, karibu na mahali pa mto. Hakuna aliyeiondoa.

Saa nane mchana mpima ardhi aliingia. Mama yake alikuwa amemwambia asirudi kabla ya hapo. Alisimama kizingitini akiwatazama wanawake watatu sakafuni na tai za baba yake zikiwa zimetandazwa kati yao, na fundi alipoinua macho walikutana. Alikuwa hajalala, ilionekana. Fundi hakutabasamu, lakini hakuyaondoa macho yake, na kijana alisimama hapo akiyapokea kama mtu anayepewa maji ugenini.

Mama alimwambia avue buti aingie. Kisha akamwambia fundi kwamba anahitaji vipimo ili aanze kazi. Fundi alitoa daftari lake la maagizo na penseli, akauliza ukubwa wa kitanda.

"Futi sita kwa sita," mama alisema.

Pazia la chumbani lilikuwa limeachwa wazi. Fundi aliona kitanda kilichokuwamo, chembamba, cha mtu mmoja.

"Mama, kitanda chako hakizidi futi tatu na nusu."

"Sijasema ni changu."

Shangazi alikohoa na kugundua jambo la maana sana la kutazama kwenye kidole chake. Mama alianza kukusanya pini zilizobaki, akazungumza akiwa ameinama.

"Mimi nina kumi na nne nzima, zinanitosha. Hizi mmeshazianza nyinyi wawili, nami sitaki nguo ya mume wangu iishie njiani. Ila mwenye kuuliza aulize mwenyewe. Nimechoka kuzungumziwa na watu."

Mpima ardhi alipiga magoti upande wa pili wa shuka. Alianza sentensi moja, akaiacha, akaanza nyingine.

"Nilikudanganya," alisema. "Nilijua nakudanganya, na kila wiki nilivyokuzoea ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kusema. Nakupenda. Nataka kukuoa. Ukisema hapana nitakuelewa, lakini sitaacha kukupenda mara moja, itanichukua muda mrefu."

Fundi alimtazama. Alizitafuta zile dalili alizozijua tangu ndoa ya kwanza, kule kuyumba kwa macho mtu anapokuwa amebakiza kitu. Hazikuwepo. Alikuwa amekiri kwa mama yake alipokuwa na kila nafasi ya kulaumu mwingine, tena fundi hakuwepo kusikia. Hilo alilishika kama fundi anavyoshika kitambaa, akajaribu kulivuta huku na huku, likahimili.

"Hasira yangu haijaisha," alimwambia. "Itaisha wiki ijayo, au ile nyingine."

"Nitaingoja."

"Na siku nyingine ukiogopa, niambie kwamba unaogopa. Nitakusikiliza. Nisichoweza ni kushona gizani."

"Nitakuambia."

"Sasa hivi unaogopa?"

"Sana."

Ndipo fundi alipocheka, na kijana naye, na vumbi la kwenye nyusi zake akalifuta kwa kidole gumba, mbele ya mama na shangazi, bila kumwomba mtu ruhusa. Kisha akafungua daftari kwenye ukurasa mpya na kuandika kwa mwandiko wake mnene, polepole, ili kila mtu aone: mfarishi, tai ishirini na tisa, futi sita kwa sita.

Shangazi aliusoma ukurasa juu chini kutoka upande wake wa shuka. Alimtazama kijana wa kaka yake, miguu yake mirefu iliyokunjwa pale sakafuni, akashusha pumzi.

"Urefu uandike saba," alisema. "Huyu atalala miguu nje."

Fundi alikata sita, akaandika saba.